UZI: Umeme wa nyumba za Marekani (120/240). Mzigo (vifaa vinavyovuta umeme) ukiegemea upande mmoja, inveta au jenereta yako inafanya nini?

Mwambao_Htx (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Baridi ya Februari 2021 ilizima umeme kwenye nyumba zaidi ya milioni 4.5 hapa Texas. Julai 2024 kikaja kimbunga Beryl, na wateja zaidi ya milioni 2 wa Houston na vitongoji vyake wakakaa gizani. Tangu hapo Waswahili wengi wa huku wamenunua jenereta, betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani). Mimi ni fundi umeme, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Inveta yangu ni ya kilowati 6, kwenye skrini naona natumia 3.5 tu, mbona inakata?"

Jibu limo kwenye namna umeme wa huku ulivyogawanywa. Naomba tulichambue taratibu, maana hapa ndipo TV na friji huungua na nyumba kushika moto.

Transfoma ya kwenye nguzo inapokea msongo mkubwa, maeneo mengi ni volti 7,200, na upande wa pili inatoa 240. Koili hiyo ya 240 imetobolewa katikati ukatolewa waya, na waya huo umefungwa ardhini. Hiyo ndiyo nyutro. Ncha mbili za koili ndizo nyaya zenye moto, tuziite L1 na L2. Ukipima L1 na nyutro unapata 120. L2 na nyutro, 120. L1 na L2, 240. Mawimbi yake yamepishana kinyume kabisa: L1 ikiwa juu, L2 iko chini.

Wazo la nyaya tatu ni la Thomas Edison. Aliliweka kazini Sunbury, Pennsylvania, Julai 1883, wakati huo kwa umeme wa DC (usiogeuka mwelekeo), na lengo lilikuwa kuokoa shaba. Mkondo uliokwisha kupita kwenye taa za upande mmoja haurudi jenereta moja kwa moja. Unaingia taa za upande wa pili. Waya wa katikati unabeba tofauti tu.

Shikeni hilo neno "tofauti", kwa sababu uzi wote umesimama juu yake. L1 ikivuta ampea 40 na L2 ikavuta 25, nyutro inabeba 15. Zote zikivuta 30, nyutro haibebi kitu. L1 ikivuta 30 na L2 haina mzigo, nyutro inabeba zote 30.

Vifaa vizito vya 240, yaani hita ya maji (ya wati 4,500 inavuta kama ampea 19), kiyoyozi kikubwa, jiko la umeme na mashine ya kukausha nguo, vinavuta sawasawa kutoka L1 na L2, kwa hiyo havisumbui. Jiko na mashine ya nguo hugusa nyutro kidogo kwa ajili ya taa na mota ndogo, basi. Wanaoegemeza mzigo ni wale wa 120: maikrowevu, hita ya chumbani, draya ya nywele, pasi, friji.

Umeme wa mtaani ukiwepo huoni shida, kwa sababu transfoma ya nguzo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya nyumba moja. Na wale wanaouliza kama mzigo kuegemea unaongeza bili: mita inajumlisha laini zote mbili, hulipi zaidi kwa sababu ya kuegemea. Kinachoongezeka ni upotevu kwenye nyaya zako mwenyewe. Ampea 24 zote zikipita L1 na kurudi na nyutro, joto linalopotea njiani ni mara nne ya lile la ampea 12 kwa 12. Kwenye kibanda cha uani chenye waya mrefu utaliona, kwenye nyumba ya kawaida ni dogo.

Shida inaanza siku umeme wa mtaani ukikatika, maana na nyutro ya mtaani imeondoka nayo. Lazima mtu mwingine aitengeneze na aibebe ile tofauti. Swali la kumuuliza muuzaji kabla hujatoa pesa ni moja: tofauti inapitia wapi, na mwisho wake ampea ngapi?

Kuna njia tatu kubwa.

Ya kwanza, inveta mbili za 120 zilizounganishwa kinyume, moja inalisha L1 na nyingine L2, au boksi moja ambalo ndani yake zimo nusu mbili za namna hiyo. Kilowati 6 hapo maana yake ni 3 na 3, ampea 25 kila upande. Hita ya chumbani ya 1,500, maikrowevu inayovuta 1,500, friji na vitaa, vyote vikiangukia L1, tayari umefika 3,400. L2 ina wati 100. Jumla 3.5, na inakata. Haijaharibika. L1 imezidiwa, na L2 haina namna ya kumwazima mwenzake.

Ya pili, inveta inayotoa 240 ya nyaya mbili bila nyutro, halafu pembeni yake inawekwa ototransfoma. Hii naipenda sana kwa jinsi inavyofanya kazi. Ototransfoma ni koili moja iliyolazwa kati ya L1 na L2, imetolewa waya katikati kama ile ya nguzo. Ukiwasha mzigo wa ampea 20 kwenye L1 peke yake, zile 20 zinarudi na nyutro mpaka katikati ya koili, hapo zinagawanyika, 10 huku na 10 kule. Inveta yenyewe inaona ampea 10 za 240, mzigo uliolingana kabisa! Wati 2,400 ni zile zile, lakini sasa nguvu yote ya inveta inaweza kutumika upande mmoja. Kikomo kinahamia kwenye ototransfoma: kama nyutro yake imeandikwa ampea 32, hiyo ndiyo tofauti kubwa unayoruhusiwa kwa muda mrefu.

Ya tatu, inveta nzito ya zamani yenye transfoma kubwa ndani, ambayo upande wa kutolea umetobolewa katikati. Huyo ni mdogo wake transfoma ya nguzo. Anavumilia mzigo ulioegemea vizuri, ila waya wa kila nusu ya koili una kiwango chake na huwezi kukivuka.

Siku hizi kuna inveta nyepesi zinazotengeneza nyutro kwa swichi za elektroniki, bila koili ya chuma. Zinafanya kazi, lakini kila kampuni ina kikomo chake. Tafuta kwenye kitabu ukurasa unaoeleza kiwango cha kila laini. Usipoupata, waandikie wenye kampuni kabla hujanunua.

Jenereta nayo ni hivyo hivyo. Ya wati 7,500 yenye soketi ya nyaya nne ina koili mbili, kila moja ni ya wati 3,750, ampea 31 na kidogo. Ukirundika kila kitu upande mmoja, volti za upande huo zinashuka, na kwa jenereta nyingi upande wa pili unapanda, kwa sababu kirekebisha volti hakiwezi kumridhisha kila mmoja kivyake. Aliyeumia anaweza kuwa TV iliyoko upande usio na mzigo.

Karibuni kwa maswali.

---

Kibo_Fezi3

Mkuu, somo limetulia. Mimi ni fundi Moshi. Huku nyumba nyingi ni fezi moja, 230, kwa hiyo habari ya kulinganisha tunakutana nayo kwenye fezi tatu (nyaya tatu zenye moto na nyutro moja): hoteli, mashine za kusaga, nyumba kubwa. Nyutro ikikatika kwenye fezi tatu sisi tunaita msiba, mteja wa fezi yenye mzigo mdogo anaweza kusogelea 400. Huko kwenu inakuwaje?

Na la pili: kwenye fezi tatu zenye kompyuta na taa za LED nyingi, nyutro inapata moto hata fezi zikilingana, kwa sababu ya yale mawimbi ya mara tatu (mawimbi ya ziada yanayokimbia mara tatu ya kasi ya umeme wenyewe). Mnalo hilo?

Mwambao_Htx

Fundi mwenzangu, la kwanza ni lile lile, tofauti ni ukubwa wa kisu. Huku mwisho ni 240. Chukua L1 yenye mzigo wa wati 1,200, ukinzani wake omu 12. L2 ina wati 240, omu 60. Nyutro ikikatika, hawa wawili wanabaki wamefuatana kwenye 240, jumla omu 72. L1 inabaki na volti 40. L2 inapata 200. Kila kitu cha 120 kilichochomekwa L2 kinakula 200. Mwenye mzigo mdogo ndiye anayeungua, kama kwenu.

La pili, hapa tumepona. Kwenye fezi tatu mawimbi ya mara tatu yanafika kwenye nyutro yakiwa yameelekea upande mmoja, yanajumlishana. Kwenye 120/240 laini zimepishana kinyume, kwa hiyo hata hayo yanakutana kinyume na kufutana, mradi vifaa vya pande mbili vinafanana. Ndiyo maana kanuni za umeme za huku (NEC) zina tahadhari maalumu ya nyutro kwa fezi tatu zenye vifaa vya elektroniki.

---

Tausi_MN

Shikamoo kaka, na samahani kama swali langu ni la kitoto, mimi si fundi. Niko Minnesota, nyumba ya kupanga. Hatuna inveta wala jenereta. Tangu wiki iliyopita nikiwasha maikrowevu, taa za jikoni zinafifia lakini za sebuleni *zinazidi* kuwaka. Jana balbu mbili za sebuleni zimeungua. Mwenye nyumba anasema ni balbu za bei rahisi.

Mwambao_Htx

Marahaba dada. Swali lako ni la muhimu kuliko yote kwenye uzi huu, na naomba usisubiri hata kesho.

Taa kufifia mashine ikianza ni jambo la kawaida. Taa za upande mwingine kuongezeka mwanga ni dalili ya nyutro iliyolegea au inayooza, ama kwenye DB (boksi la breka), ama kwenye mita, ama pale waya wa mtaani unapoungana na wa nyumba juu ya paa. Bado inashika kidogo, ndiyo maana umeme haujaharibika wote. Siku ikiachia kabisa, hesabu ile ya 40 na 200 niliyompa fundi wa Moshi ndiyo itakayokuwa sebuleni kwako.

Fanya hivi sasa: chomoa TV, kompyuta, friji, chaja, kila chenye elektroniki. Zima breka kuu. Piga simu ya dharura ya shirika la umeme, waambie kwamba taa za upande mmoja zinafifia na za upande mwingine zinaongezeka mwanga, na kwamba unashuku nyutro imekatika. Wanaijua, na kwa kawaida hutuma gari haraka kwa sababu ni hatari ya moto. Tatizo likiwa upande wao wanatengeneza wenyewe. Likiwa ndani, mwenye nyumba lazima alete fundi mwenye leseni. Mwandikie ujumbe leo, ubaki na ushahidi.

Usifungue DB mwenyewe. Anayekuja atapima L1 na nyutro, kisha L2 na nyutro, mzigo ukiwa umewashwa. Zinatakiwa ziwe kati ya 114 na 126. Akikuta 105 huku na 135 kule, jumla bado 240, hana haja ya kutafuta zaidi: ni nyutro.

Tausi_MN

Nimezima kila kitu na nimewapigia, wamesema wako njiani. Mwenye nyumba nimemwandikia. Asante sana kaka.

---

Nyali_kwa_Baba

Mimi nipo Dallas. Nina ile betri kubwa ya kubeba, inatoa 120 tu. Jirani amenishauri niunganishe L1 na L2 kwa kipande cha waya ili betri iwashe soketi za nyumba nzima. Anasema mzigo hautaegemea kokote kwa sababu laini zitakuwa moja. Ni kweli?

Mwambao_Htx

Ndugu yangu, usifanye kabla hujajua nyumba yako ilivyopitishwa waya.

Nyumba nyingi za huku zina saketi mbili zinazotumia nyutro moja: waya mweusi toka L1, mwekundu toka L2, na mweupe mmoja wa kurudia. Jikoni ndiko utazikuta sana. Zinafaa kwa sababu nyeusi ikivuta 16 na nyekundu 14, mweupe unabeba 2. Ukiziunganisha L1 na L2, mawimbi hayapishani tena, tofauti inageuka kuwa jumla. Mweupe ule ule sasa unabeba 30, na waya wenyewe ni wa ampea 20. Na hakuna breka kwenye mweupe! Unapikika taratibu ndani ya ukuta na hakuna kitakachokata.

Ni kweli betri yenyewe ikiishia ampea 20 kwa jumla, nyutro haiwezi kuzidi hapo. Ila betri nyingi sasa zinatoa 30, na kesho utanunua kubwa zaidi ukiwa umesahau kile kipande cha waya.

Na vifaa vya 240 havitawaka, maana kati ya L1 na L2 patakuwa na sifuri.

Njia ya salama: swichi ya kubadilishia yenye saketi chache ulizozichagua (friji, taa, intaneti, feni ya tanuri la gesi), na fundi ahakikishe hakuna hata moja inayochangia nyutro na nyingine. Na kwa vyovyote, usirudishe umeme kwenye nyumba bila kifaa kinachozuia breka kuu na ya betri zisiwashwe kwa wakati mmoja. Mafundi wa laini wako juu ya nguzo, na transfoma ile ile inaupandisha umeme wako mpaka maelfu ya volti.

Kibo_Fezi3

Hapo kwenye nyutro ya kuchangia naongezea: kama mtu amehamisha breka bila kujua, zile mbili zikaangukia laini moja, si matokeo yatakuwa yale yale hata bila betri?

Mwambao_Htx

Sawasawa kabisa, na nimeshakuta. Ndiyo maana tangu toleo la 2008 NEC inataka saketi za namna hiyo zizimwe kwa pamoja. Ukitumia breka yenye miguu miwili, moja kwa moja inashika L1 na L2, na mtu hawezi kuzichanganya kirahisi.

---

Jabali254

Sasa nikitaka kusawazisha DB yangu, najuaje breka ipi iko L1 na ipi L2? Wengi tunadhani upande wa kushoto ni L1 na wa kulia ni L2.

Mwambao_Htx

Hiyo dhana imewapotosha wengi. Kwenye DB nyingi za huku laini zinapishana kwa *mistari*. Mstari wa juu kabisa, kushoto na kulia (namba 1 na 2), ni laini moja. Mstari wa pili (3 na 4) ni laini nyingine. 5 na 6 zinarudi kwenye ya kwanza. Ndiyo maana breka ya 240 inakalia nafasi mbili zinazofuatana juu na chini. Breka nyembamba za kubana mbili kwenye nafasi moja zinavuruga hesabu, hizo zipime.

Kusawazisha si kuhesabu breka. Breka ya ampea 20 inayolisha taa mbili za uani si sawa na ya 20 inayolisha maikrowevu. Weka klampu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje) kwenye L1, L2 na nyutro saa ambayo nyumba imechangamka, jioni watu wanapika, uandike. Kisha angalia vile vinavyodumu: friji, frizeri, pampu ya maji ya chini ya nyumba, feni ya tanuri. Vitenganishe, nusu huku nusu kule. Vinavyowaka dakika tano na kuzima havikupi shida sana, isipokuwa vikubwa viwili vinavyopenda kuwaka pamoja, maikrowevu na birika la umeme kwa mfano. Hao lazima wakae laini tofauti.

Kusawazisha huku kuna faida kubwa kwa mwenye inveta ya nusu mbili. Mwenye ototransfoma ya kutosha anaweza kulala.

Jabali254

Nimeelewa. Na hiyo ototransfoma, naweza kuiacha imeunganishwa muda wote hata umeme wa mtaani ukiwepo?

Mwambao_Htx

Hapana, na ni vizuri umeuliza. Ikiwa sambamba na umeme wa mtaani itajaribu kusawazisha laini za transfoma ya nguzo, na transfoma hiyo mnachangia na majirani. Itabeba sehemu ya tofauti ya nyumba zao, itachemka na breka yake itaruka bila wewe kuwasha chochote. Iwekwe upande wa inveta, iingie tu nyumba ikiwa imejitenga na mtaa.

Jambo la pili kuhusu hiyo breka yake: ikiruka peke yake huku inveta inaendelea, nyumba imebaki na 240 bila nyutro. Lazima ifungwe hivi kwamba ototransfoma ikitoka, inveta nayo inaacha kulisha. Kifaa cha kampuni nzuri kinakuja hivyo. Vile vya bei chee vya mtandaoni vingine ni koili na skrubu nne tu.

---

Kigamboni_Sola

Mkuu, mimi niko Dar. Shemeji ameniletea kwenye kontena inveta ya Marekani, 120/240, kilowati 6. Vifaa vyangu vyote ni 230. Nikichukua L1 na L2 napata 240, friji na TV zitafanya kazi. Na kwa maelezo yako, mzigo hautaegemea kamwe. Niko sahihi?

Mwambao_Htx

Kwenye kuegemea uko sahihi: kila kifaa chako kitavuta L1 na L2 sawasawa na nyutro ya katikati haitakuwa na kazi. Kilowati 6 zote utazipata.

Tatizo liko kwingine. Nyumba ya Dar imejengwa ikijua waya mmoja ni moto na mwingine ni nyutro iliyofungwa ardhini. Ukileta L1 na L2, nyaya zote mbili zina moto, 120 kila mmoja hadi ardhini. Breka zako za mguu mmoja na swichi za ukutani zinakata waya mmoja tu. Mtu amezima taa, amepanda ngazi kubadili balbu, bado kuna moto. Halafu ukifunga L2 kwenye bao la nyutro la nyumba wakati katikati ya inveta imefungwa ardhini, umeshorti nusu ya inveta.

Angalia pia mizunguko kwa sekunde (Hz): hiyo inatoa 60, friji yako ni ya 50, mota itakimbia kasi kuliko ilivyopangiwa. Baadhi ya inveta unaweza kubadilisha kwenye menyu, nyingine huwezi.

Ukiamua kuitumia, weka transfoma ya kutenganisha (koili mbili zisizounganishwa kwa waya) yenye uwezo wa kilowati hizo, upande wa pili ufunge ncha moja ardhini uwe na nyutro halali ya Dar. Transfoma ya ukubwa huo si rahisi na inakula umeme hata usiku ukiwa umelala. Mimi ningeiuza kwa mtu anayeihitaji huku, ninunue ya 230.

Kigamboni_Sola

Mzigo wangu mkubwa ni pampu ya kisima tu, nusu hasipawa. Ukiweka pampu peke yake moja kwa moja, bila kugusa DB ya nyumba?

Mwambao_Htx

Hilo linawezekana. Breka ya miguu miwili inayokata L1 na L2 kwa pamoja, mwili wa pampu ufungwe ardhini, na inveta iwekwe kwenye 50 kama inakubali. Nyaya za pampu zisikutane kabisa na nyutro ya nyumba. Nitumie picha ya kibandiko cha nyuma ya inveta, tuone kama 50 imo.